Wazazi maprograma wa Mwanza na kando ya Ziwa, siku yenu inaendaje? Tupeane uzoefu

Mama wa Buhongwa

Habari za saa hizi wakuu. Mimi ni mhandisi wa programu, nafanya kazi na kampuni ya Marekani nikiwa hapa hapa Buhongwa. Nina watoto wawili, mmoja darasa la pili, mwingine bado chekechea. Kila nikisoma habari za hizi kazi za mtandaoni nakuta watu wanaongelea mshahara wa dola tu. Siku yenyewe, tangu uji mpaka watoto walale, haisemwi. Naanza na yangu.

Naamka saa 10 alfajiri. Kazi yetu inataka kichwa kikae na jambo moja kwa muda mrefu. Unafuatilia taarifa inavyotoka kwenye skrini ya mteja hadi inavyofika kwenye seva (kompyuta kuu inayotunza taarifa), umeshika mambo saba kichwani kwa pamoja, mtu akikuuliza soksi ziko wapi yote yamemwagika. Kwa hiyo kazi ngumu nazimaliza kabla basi la shule halijapiga honi saa 12 na nusu. Wakishaondoka nafanya ndogo ndogo: kupitia kazi za wenzangu, kujibu ujumbe, kuandika majaribio.

Kipande kigumu ni jioni. Kikao cha timu ni saa 4 asubuhi ya New York, kwangu saa 11 jioni, muda ule ule watoto wanashuka kwenye basi na njaa, vumbi na homuweki. Halafu Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma. Sisi saa zetu hatuzigusi, basi kikao kinasogea hadi saa 12 jioni na kinakaa hapo mpaka Machi. Saa 12 jioni mwenye watoto anajua ni saa gani: huyu aoge, yule anataka kusomewa, na ugali haujasongwa.

Nilimwandikia kiongozi wa timu nikamweleza hali ilivyo, na njia mbadala nikapendekeza mwenyewe: siku mbili kwa wiki nitume ripoti ya maandishi, nisiingie kikaoni. Alikubali bila maneno mengi. Ndugu zangu, ombeni. Watu wa kule hawajui kwako ni saa ngapi mpaka uwaambie.

Nyie mnafanyaje? Wa ofisini, wa nyumbani, na akina baba pia.

Mwana wa Mwaloni

Asante dada kwa uzi huu. Mimi ni baba wa mtoto mmoja, naishi Kirumba, nahudumia mfumo wa hesabu wanaoutumia wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni. Mke wangu ni nesi, akiwa zamu ya usiku mtoto ni wangu. Na wateja wangu nao ni watu wa usiku, maana kuna magari yanapakia mizigo usiku wa manane.

Nikupeni mfano mmoja. Mama mmoja alinipigia saa 8 usiku akilalamika kwamba magunia aliyouza muda huo huo yanasomeka ya jana. Mtoto alikuwa kifuani kwangu, amelala baada ya kulia sana, sikuthubutu kumlaza. Nikafungua laptopu kwa mkono mmoja. Mfumo huo niliurithi kwa programa mwingine, na seva yake inatunza muda kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Gunia lililouzwa saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne, kwa seva bado ilikuwa saa 5 usiku wa Jumatatu. Ripoti ilikuwa inakata siku kwa saa ya seva, hivyo chochote kilichouzwa kati ya saa 6 na saa 9 usiku kiliangukia jana yake. Muda kuhifadhiwa hivyo ni sahihi kabisa. Kinachotakiwa ni ripoti iugeuze kuwa saa za Afrika Mashariki kwanza, ndipo ihesabu siku. Mistari michache tu, lakini yule mama alikuwa anagawana faida na mwenzake kwa ripoti hiyo, wangeweza hata kugombana.

Siku hizi simu za usiku tumezigawana kwa zamu na mwenzangu. Wiki ambayo mke wangu yuko usiku, zamu ya simu haiwi yangu. Ratiba ya nesi inatoka mapema, kwa hiyo sisi ndio tunaoifuata.

Daraja Refu

Familia yangu iko Sengerema, ofisi iko mjini Mwanza. Zamani jioni yangu ilikuwa mikononi mwa kivuko cha Kigongo–Busisi. Ukikuta foleni, unafika nyumbani watoto wameshalala, asubuhi unaondoka hawajaamka. Tangu Daraja la JPM lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 juu ya maji ni dakika chache tu, nawakuta bado mezani. Hilo limebadilisha maisha ya nyumba yangu kuliko nyongeza yoyote ya mshahara.

Kazini tulikubaliana Alhamisi mchana ndiyo mwisho wa kupandisha mabadiliko kwenye mfumo ambao wateja wanautumia. Ukipandisha Ijumaa jioni likaharibika jambo, Jumamosi ya watoto imekwenda. Na laptopu haitoki kwenye begi mpaka wa mwisho alale.

Mama Pacha

Wazazi wenzangu, someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja ni siku 100. Ukirudi, mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Baba naye ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Nayasema haya kwa sababu kiongozi wangu aliniambia kuwa programa ana laptopu, basi hizo saa mbili nizifidie usiku. Kila usiku! Na pacha wawili wananyonya! Nilimwonyesha kifungu, tukaandikiana: natoka saa 8 mchana badala ya saa 10, na hakuna kufidia. Kazi zangu zilimalizika kwa wakati kama kawaida.

Jiwe la Bwiru

Nafuatilia. Ila kuna jambo hamjaligusa. Mama yangu mzazi akija kutusalimia toka kijijini, akinikuta na kompyuta ananituma sokoni, kwake mtu aliyekaa nyumbani yupo tu. Nilikaa naye chini nikamwonyesha: "Mama, hii hapa ni zahanati, wakibonyeza hapa dawa zinahesabika, nikiondoka sasa hivi wanakwama." Aliniuliza maswali mpaka nikashangaa. Tangu siku hiyo anawazuia wajukuu mlangoni yeye mwenyewe: "Baba yenu yuko kazini."

Kijana wa Igoma

Wakuu shikamooni. Mtoto wetu wa kwanza anatarajiwa karibuni, na nimepata kazi ya kufanyia nyumbani. Umeme ukikatika katikati ya kikao mnafanyaje?

Mama wa Buhongwa

Marahaba, na hongera mdogo wangu. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ndio ujazo wake) inabeba Wh 1,200 (yaani wati mara saa), ila zile za asidi usizishushe chini ya nusu, zitakufa mapema. Hesabu Wh 600. Laptopu na ruta (kifaa cha intaneti) kwa pamoja ni kama wati 60, ukitoa kinachopotea kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) unapata kama saa 8. Anza na ruta: laptopu ina betri yake, ruta haina, na ndiyo inayokutoa kikaoni. Taa ya chumba cha mtoto iunganishe hapo hapo, haili umeme wowote wa maana, na usiku utaihitaji kuliko unavyodhani.