Naomba ushauri: lundo la mboji ya magugu maji halipati joto

Wakubwa shikamooni, wengine habari za mwezi.

Nipo Mwanza mjini, mwanafunzi. Kazi ya mwezi huu ni mboji ya magugu maji ya ziwani: debe 30 za magugu yaliyokatwakatwa, debe 10 za maganda ya mpunga, debe 3 za samadi ya ng'ombe. Lundo lina karibu mita 1 kila upande.

Leo siku ya 16. Nondo ikichomekwa katikati kwa dakika 10 hutoka vuguvugu tu, ilhali ilitakiwa kuunguza kiganja. Ukikamua konzi moja maji yanachuruzika, na harufu ni ya yai viza. Magugu haya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Nashuku kosa ni kuyapanga mabichi bila kuyaanika. Maganda ya mpunga nayo hayanyonyi maji vizuri, wala hayaozi upesi.

Nimegeuza mara 2, nikatandika matete chini hewa ipite, na turubai juu kuzuia mvua. Harufu imepungua, joto bado. Bila joto mbegu za magugu hazifi, kwa hiyo sithubutu kuitumia ilivyo.

Naomba kujua: nifumue lote nianike upya, au niongeze maranda na mabua ya mahindi, na kama ni hivyo, debe ngapi?

La pili, magugu yalitolewa karibu na Mto Mirongo unapoingia ziwani, na mmea huu hufyonza metali nzito. Mboji yake niiweke kwenye mchicha, au iishie kwenye miche ya miti?