Wauza CNC, kabla ya kutuuzia mashine ulizeni umeme wetu na mbao zetu!

Wakuu, nimechafukwa. Naombeni mnisome hadi mwisho.

Nina karakana ya milango na makabati hapa Mafinga. Nilitaka mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Muuzaji wa Dar nilimwandikia kila kitu: nachonga milango ya mninga, makabati ya paina ya Sao Hill, umeme wangu ni wa njia moja (single phase). Akanijibu, "Hii inapiga kazi zote bosi, wewe lipia tu."

Mzigo umefika. Nafungua boksi la umeme, kibandiko cha inverta, kile kifaa kinacholisha umeme mota ya kuchongea, kimeandikwa volti 380, njia tatu! Nampigia, ananiambia nikaombe umeme mwingine. Hivi huyu mtu ana huruma kweli? Inverta za kupokea volti 220 njia moja zipo sokoni, zinaendesha spindo (mota inayozungusha biti ya kukatia) ya kilowati 2.2 au 3 vizuri tu. Angeniletea hiyo, leo ningekuwa kazini.

Nikaenda kuijaribia kwa jirani mwenye njia tatu. Ua la kuchonga kwenye mlango limefika nusu, biti imegonga fundo, mstari ukahama kama milimita mbili. Ubao wa mninga kwisha! Mota za kusogeza biti ni stepa za kawaida, zinazokwenda hatua kwa hatua, hazina enkoda, yaani kipimo cha kuiambia mashine mota imefika wapi. Zikizidiwa zinaruka hatua, kompyuta haina habari, inaendelea kuchonga mahali pasipo pake. Mota ya servo, yenye enkoda, ingejua imepotea ikajirekebisha au ikasimama. Nikamuuliza muuzaji, akasema mbao zetu za huku ni ngumu. Mninga babu zetu wameuchonga kwa patasi!

Kilichoniuma zaidi ni meza ya kufyonza hewa, aliyoniongezea kwa bei ya juu. Meza ile inashika MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) na plaiwudi, vitu bapa. Ubao wa paina uliojikunja kidogo tu hewa inavuja, ubao unateleza. Mimi nilihitaji vibano, basi. Na pampu yake nayo inakula umeme balaa.

Ukubwa ndiyo kitu pekee alichopatia: milimita 1,300 kwa 2,500, inaingia shiti ya futi 4 kwa 8 na mlango wa futi 7. Mnaoshawishiwa mchukue leza kwa ajili ya milango, kataeni, mbao nene inaziunguza kingo.

Namtaka abadilishe inverta na spindo kwa gharama zake, au arudishe hela yangu yote. Mafundi wa Makambako, Njombe na Mbeya mliouziwa hivi, wekeni hapa picha za vibandiko vya inverta zenu tuzione.