Nimealikwa sikukuu ya Mazu huko Putian, niende na nini mkononi?

MankaWaMemorial (Moshi)
Wadau za kutwa. Nauza viatu hapa Memorial, raba za watoto hasa. Zamani mzigo nilichukua Kariakoo. Mwaka jana tukajikusanya akina mama watatu tukaanza kuagiza wenyewe kutoka Putian, mkoa wa Fujian huko China, mji wa raba haswa. Mwezi wa tano naenda kukagua mzigo kwa macho yangu, maana safari iliyopita nilifungua katoni moja nikakuta miguu ya kushoto mitupu. Msinicheke.

Sasa mama wa kiwanda kaniandikia WeChat: nikifika tarehe 8 Mei tusiongee viatu. Kesho yake ananipeleka kisiwa cha Meizhou, ni siku ya kuzaliwa ya Mazu, mungu wao wa kike wa bahari, hekaluni patajaa watu. Mimi Mlutheri, naimba kwaya, na mume wangu ameshaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni. Hiyo ni ibada au ni ngoma tu? Nibebe nini? Nilifikiria kahawa ya nyumbani na kitenge. Halafu mwaka jana alinitumia picha za hiyohiyo sikukuu siku ya Pasaka. Mbona tarehe inahama?

Mjoli_77
Usiende. Leo watakushikisha udi, kesho utapiga magoti. Wewe kagua viatu urudi.

BabaTumaini (Sakina, Arusha)
Manka, achana na huyo hapo juu kidogo. Nilisoma Xiamen, hukohuko Fujian, miaka minne, Meizhou nimeenda mara mbili.

Tarehe kwanza. Wanafuata mwezi mwandamo: ni siku ya 23 ya mwezi wa tatu wa kwao. Mwaka 2025 iliangukia 20 Aprili, ndiyo maana ikagongana na Pasaka. Lakini haizunguki mwaka mzima kama Idd, kwa sababu kila baada ya miaka miwili mitatu wanaongeza mwezi mmoja ili kalenda irudi kwenye majira. Mwaka jana waliongeza, wakawa na miezi ya sita miwili. Ndiyo 2026 imesukumwa hadi 9 Mei.

Mazu mwenyewe alikuwa binti wa watu, ukoo wa Lin. Wanasimulia kwamba alizaliwa mwaka 960 hapohapo kisiwani, akamaliza mwezi mzima bila kulia, wakamwita Mo, yaani kimya. Akakua anasoma bahari na kuokoa wavuvi, akafa 987 hajaolewa. Wavuvi ndio walioanza kumwomba, wafalme wakaja nyuma yao na vyeo, kila utawala unaongeza, hadi akawa Malkia wa Mbinguni. Mwaka 2009 UNESCO iliziweka mila zake kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwa hiyo swali lako la ibada au ngoma, jibu ni vyote viwili, na wao hawavitenganishi. Siku hizo hata wavuvi hawashushi nyavu. Ndiyo sababu mwenyeji wako hataki habari za viatu.

Mtavuka kwa pantoni kutoka gati la Wenjia, kama robo saa hivi. Ukishuka, usitazame sanamu kubwa ya kilimani kwanza (ina mita 14 na ushee, haitakukimbia). Tazama akina mama wa kisiwani. Nywele zimekusanywa kisogoni, zikasimamishwa kama tanga la jahazi, pini zimepita katikati. Blauzi ya buluu ya bahari. Na suruali, aisee, juu nyekundu chini nyeusi. Mama yangu alikuwa fundi cherehani Majengo, basi nilisimama nachungulia mshono ule unaounganisha rangi mbili mpaka bibi mmoja akanivuta sikio huku anacheka.

Zawadi: kahawa na kitenge mpe mama nyumbani kwake, kwa mikono miwili, usifunge kwa karatasi nyeupe, hiyo ya msiba. Hekaluni beba matunda. Nanasi wanalipenda, kwa lugha ya Fujian ya kusini jina lake linasikika kama "neema inakuja". Peasi usithubutu, jina lake linafanana na kuachana. Kizingiti cha mlango kiko juu, kivuke, usikikanyage. Sanamu usiinyooshee kidole. Wakikupa tambi ndefu usizikate, na vijiti vya kulia usivichomeke wima kwenye wali, hivyo ndivyo wanavyowawekea marehemu.

Kuhusu udi: mimi nilimwambia mwenyeji wangu, "Mimi Mkristo, nitasimama tu." Akaniletea kiti. Basi.

DerevaWaMsitu (Arusha)
Mimi China sijafika ila nimebeba wageni wa Taiwan, na huyo Mazu wanaye hukohuko. Siku moja Tarangire tumekaa chini ya mbuyu tunakula, bibi mmoja akatoa kwenye pochi vipande viwili vya mti vyekundu, vimechongwa kama mwezi mchanga, upande bapa na upande uliobinuka. Unauliza swali, unavitupa chini. Kimoja bapa, kimoja kibinuko: ndiyo. Vyote bapa: mungu anacheka, uliza vizuri. Vyote vibinuko: hapana. Aliuliza kama tutaona chui. Hapana. Na hatukuona, nikakosa la kumwambia.

Aliniambia kwao wanambeba Mazu kwenye machela kwa siku nyingi. Wa hekalu la Dajia anatembezwa siku tisa, kilomita zaidi ya 300. Wa Baishatun hana hata njia iliyopangwa, machela ikivuta kushoto wabebaji wanakwenda kushoto. Watu wanalala kifudifudi barabarani ili ipite juu yao, na wenyeji wanagawa chakula bure njia nzima. Hapo ndipo bibi alinichekesha, eti wanarudi wamenenepa.

MankaWaMemorial
Asanteni sana. Nimemsomea mama mkwe huko Kibosho, yeye kabla ya kunywa mbege lazima awamwagie waliokufa kidogo chini. Kasikiliza yote, kanyamaza, kisha kauliza huyo binti aliyekufa bila mume nani anamwagia. Nikamwambia mamilioni. Kasema basi niende, nimsalimie.

Mume bado ana jicho lake. Nanasi nitanunua hukohuko. Limebaki moja: ile katoni ya miguu ya kushoto nina picha zake kwenye simu. Nimwoneshe mama tarehe 8 au 9?

BabaTumaini
Tarehe 10 asubuhi. Baada ya tambi.