Maktaba gani ya chuo kikuu ni nzuri na inalinda vitabu vyake? Nataka kuiga kitu hapa Lubumbashi

mama_wa_rafu_lshi

Jambo ndugu zangu. Mimi ni mama mtunza maktaba katika chuo kimoja hapa Lubumbashi, huu ni mwaka wa 19 nashika funguo. Nina neno linaloninyima usingizi, naomba mnisaidie.

Mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshika kasi, mwanafunzi aliniomba buku la kemia lililokaa rafu ya chini kabisa, ile inayogusa ukuta wa nyuma. Nililishika mgongoni, likaja jepesi mno, kama kasha tupu. Jalada lilikuwa zima, jina la dhahabu linasomeka, hata muhuri wetu upo. Nilipolifungua, kurasa hazipo. Mlikuwa na vijia vya udongo mwekundu vilivyopanda na kupindana kama mishipa ya mkono wa mzee, na mchwa weupe wakikimbia mwanga. Nikavuta la pili, la tatu. Jioni tulikuwa tumetoa mabuku 41, mazima kwa nje, udongo kwa ndani. Yule kijana alibaki amesimama mbele ya meza yangu, ameshika kikaratasi chenye namba ya kitabu, hajui aondoke au angoje.

Sasa kamati imekubali kujenga maktaba mpya. Nimeambiwa niandike ukurasa mmoja wa mahitaji. Mstari wa kwanza niliandika: jengo liwe zuri. Mhasibu akaukata kwa kalamu nyekundu, akasema uzuri utakuja pesa ikibaki. Moyo wangu haukubali, ila nilikosa la kumjibu.

Ninachojua nimekiona kwenye simu tu. Kuna ile ya Coimbra, Ureno, iliyojengwa kati ya 1717 na 1728 wakati wa mfalme João V. Kuta zina unene wa zaidi ya mita 2, rafu zimepakwa dhahabu mpaka darini. Na humo wanaishi popo! Usiku popo wanatoka nyuma ya rafu wanakula wadudu wanaokula vitabu, kwa hiyo kila jioni wafanyakazi wanafunika meza kwa ngozi ili kinyesi kisizichafue. Nilisoma habari hiyo mara tatu. Chumba kile cha dhahabu na popo wale wanafanya kazi moja, kutunza karatasi.

Ninyi mmeona nini? Maktaba ya chuo kikuu iliyowagusa kwa uzuri, na ndani ya uzuri huo kitu gani kinafanya kazi? Nataka mfano wa kumwekea mhasibu mezani.

---

kijana_wa_lushi

Mama, heshima zangu. Mimi mtoto wa Bel-Air, ninasoma Leuven, Ubelgiji, mwaka wa pili sasa. Nitakueleza hii ya hapa kwa sababu naingia karibu kila siku.

Ukija kutoka stesheni ya treni unauona mnara wake kabla ya kuona kitu kingine, na kengele zake zinapiga muziki. Lakini kilichonishika mimi ni mawe. Siku ya kwanza niliegemea ukuta nikingoja mvua ipungue, nikahisi herufi mgongoni. Nikageuka: jina la shule ya Marekani limechongwa kwenye jiwe. Jiwe la pembeni, jina lingine. Nikaanza kutembea nikisoma kwa kidole mpaka nikalowa.

Historia yake ni hii. Mwezi wa nane 1914 jeshi la Ujerumani lilichoma maktaba ya zamani ya chuo hiki, vitabu kama 300,000 vikateketea. Baada ya vita Wamarekani walichanga, wakiwemo wanafunzi wa shule na vyuo, na jengo jipya likafunguliwa 1928. Ndiyo maana ya majina yale. Mwezi wa tano 1940 vita vikarudi, likaungua tena, vitabu kama 900,000. Wakajenga tena vile vile. Halafu chuo chenyewe kikagawanyika kwa ugomvi wa lugha, Waflemi, wanaosema Kiholanzi, huku, wanaosema Kifaransa kule Louvain-la-Neuve, na vitabu vikagawanywa kwa namba: witiri upande mmoja, shufwa upande mwingine. Mama, wewe unayepanga rafu unaelewa maumivu ya mtu kubeba juzuu ya kwanza na kuacha ya pili.

Ninachokupa ni hiki: tofali lenye jina. Waliosoma chuoni kwenu wametawanyika Kolwezi, Likasi, Ndola, mpaka huku. Mimi nitatoa pesa kwa tofali lenye jina la marehemu bibi yangu, ambaye hakusoma lakini alinilipia shule. Wengi watatoa. Mhasibu ataona uzuri unaleta pesa badala ya kuila.

---

fundi_wa_katuba

Mama, pole kwa mabuku. Mimi ni fundi wa matofali, baba yangu pia alikuwa fundi. Nitasema ninachokijua.

Mchwa aliyekula kitabu chako ndiye anayetujengea mji. Vichuguu vya kwetu Katanga vinapita kimo cha nyumba, na udongo wake ni laini, unashikana, una mchanga kidogo. Ukiufyatua na kuuchoma vizuri unapata tofali linalolia kama kengele ukiligonga kwa kingine. Tofali hilo mchwa haliwezi. Anachofanya ni kutafuta ufa, au kupanda juu ya ukuta kwa kijia chake cha udongo, kwa maana hapendi mwanga wala upepo. Basi usimpe ufa na usimpe maficho. Ng'oeni visiki na mizizi yote kabla ya kuchimba msingi. Sakafu ya zege imwagwe kwa mara moja, isiachwe na viungo. Juu ya msingi, kabla ya ukuta kuanza, lazwe bati lililotokeza nje na kupindwa kuelekea chini: mchwa akitaka kupita lazima ajenge kijia chake hadharani kulizunguka, na mtu mwenye ufagio anakiona asubuhi. Rafu ziwe za chuma, zisiguse ukuta. Acha nafasi ya mtu kupita na tochi. Hapo ndipo mabuku yako yalipofia, mama, pale rafu ilipobusu ukuta.

Sasa uzuri. Injinia aliyenilea kazini alikuwa na picha za maktaba ya chuo cha Ibadan, Nijeria, iliyochorwa na Maxwell Fry na Jane Drew, mume na mke kutoka Uingereza, miaka ya 1950. Walijenga jengo jembamba ili upepo uingie upande mmoja utokee mwingine, wakaweka mbele yake kuta za zege zenye matundu. Jua linazuiwa, hewa inapita. Sisi mafundi tunaziita klostra, na ukizunguka Lubumbashi utaziona kwenye nyumba za zamani, kwenye ngazi na veranda. Niliwahi kujenga moja ya matofali ya kuchoma kwenye shule. Saa tisa mchana mwanga ulianguka sakafuni kama mkeka uliofumwa, na watoto walikuwa wanaruka kutoka jicho hadi jicho.

Pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini. Hapa kwetu jua la saa sita linakuwa juu mwaka mzima, kwa hiyo kipenu kipana kinatosha kulizuia pande hizo. Mashariki na magharibi ukuta uwe mzima, huko jua linaingia chini chini na kuchoma karatasi. Nyuma ya klostra weka wavu mwembamba, maana vumbi la mwezi wa saba unalijua. Mwambie mhasibu hivi: tofali la klostra ni lile lile, bei ile ile, na umeme wa feni hutalipa.

---

mkazi_wa_mlimani

Shikamoo mama. Nimesomea ukutubi Dar es Salaam, kwa hiyo tuko kazi moja. Kwetu Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, ilifunguliwa maktaba mpya mwaka 2018, iliyojengwa kwa msaada wa China: nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni kubwa na inapendeza, lakini niseme kweli, kilichonifurahisha kuliko vyote ni kiti. Nilishasoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi. Kwenye ukurasa wako andika idadi ya viti mapema, usiiache mwisho.

Kuhusu wadudu, usione aibu. Maktaba ya Beinecke, chuo cha Yale, Marekani, ya mwaka 1963, wengi wanaihesabu kati ya zile nzuri kabisa. Kuta zake hazina madirisha, ni vipande vya marumaru vya unene wa sentimita 3 hivi. Jua likipiga nje, ndani kuta zinawaka rangi ya asali, na vitabu vimesimama katikati kwenye mnara wa vioo wa ghorofa 6. Hata humo waliingia wadudu wanaotoboa mbao na karatasi. Mwaka 1977 wakavigandisha vitabu kwa siku 3 kwenye baridi ya nyuzi 36 chini ya sifuri. Friza ya kawaida haifiki huko, ila kitabu kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki kikikaa wiki 2 bila umeme kukatika, mayai na wadudu wadogo hufa. Kwa mchwa sikiliza fundi, maana kiota chake kiko ardhini.

Na vumbi pia ni adui. Dublin, Ayalandi, kwenye ule ukumbi mrefu wa maktaba ya chuo cha Trinity wenye mita 65, kuanzia 2022 walitoa vitabu kama 200,000 kimoja kimoja, wakavifyonza vumbi na kuvipima kabla jengo halijafanyiwa matengenezo. Wewe anza na kitambaa kikavu na brashi laini, rafu moja kila Ijumaa.

---

mwalimu_wa_historia

Kwa ufupi, mama: maktaba kuu ya chuo cha UNAM, jiji la Mexico, iliyofunguliwa 1956. Ghorofa za vitabu hazina madirisha makubwa kwa kuwa kitabu hakitaki jua, na mchoraji Juan O'Gorman akazifunika pande zote nne kwa picha za mawe ya rangi yaliyookotwa sehemu mbalimbali za nchi, karibu mita 4,000 za mraba. Ukuta ule mzima wa upande wa magharibi anaousema fundi usibaki mtupu. Sisi tuna malakiti, lile jiwe la kijani. Wachongaji wanatupa vipande vidogo kila siku.

---

lushi_capetown

Yaya, mimi niko Afrika Kusini. Tarehe 18 mwezi wa nne 2021 moto ulishuka kutoka mlima wa Table ukachoma ukumbi wa kusomea wa Jagger, wa maktaba ya chuo kikuu cha Cape Town. Milango ya kuzuia moto ilijifunga yenyewe, hivyo hazina ya chini ya ardhi haikuungua, lakini maji ya zima moto yaliijaza. Nilikuwa kwenye mstari wa kupokezana kreti. Kreti moja ilikuwa na ramani zilizolowa, nzito kama mtoto aliyelala, na mwanamke aliyenipokeza alikuwa analia bila sauti huku mikono inaendelea. Usiweke kitu cha thamani chini kabisa. Na omba mlango wa chuma, hata mmoja.

---

mama_wa_rafu_lshi

Nimewasoma wote, mengine kwa machozi. Aksanti sana. Ukurasa nimeuandika upya leo. Mstari wa kwanza nimeurudisha kama ulivyokuwa, na chini yake nimeweka: klostra pande mbili, bati la mchwa juu ya msingi, rafu za chuma, viti 120, mlango mmoja wa chuma, matofali yenye majina, ukuta wa magharibi wa malakiti. Mhasibu amesoma mpaka mwisho. Ameuliza bei ya tofali lenye jina, akasema anataka moja la mama yake.

Mwanangu wa Leuven, nitumie jina la bibi liandikwe kwanza.

Papa fundi, Jumamosi saa mbili nitakuwa langoni na kamba ya mita 50. Kiwanja kina kichuguu upande wa mashariki, kinanizidi kimo mara mbili. Wanataka kuleta tingatinga Alhamisi wakisombe wakakitupe.

---

fundi_wa_katuba

Mama, wasikiguse mpaka nifike. Njoo na ndoo ya maji niupime udongo.