Nitajuaje laptopu imewaka kwa diski ipi kati ya mbili?

mdau_wa_waya: Wakuu habari za mchana. Juzi fundi kanifungia SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 500, ile HDD (diski ya kuzunguka) yangu ya zamani nayo GB 500 akaihamishia pale ilipokuwa DVD, kwenye kile kifremu cha plastiki, akakopi kila kitu kutoka HDD kwenda SSD. Sasa nawasha, inakokota vilevile kama zamani, nikifungua naona C na D zote zinasoma GB 465 na mafaili yaleyale utadhani mapacha. Nataka nifute ya zamani niweke muvi ila naogopa nisije nikafuta iliyo hai.

bibi_kebo: Usifute kitu kwanza. Windows unayoitumia muda huo karibu siku zote inajiita C, kwa hiyo swali ni C imekaa kwenye diski ipi. Bonyeza kitufe cha Windows na X, ingia Disk Management, halafu nenda Properties za Disk 0 na Disk 1, modeli imeandikwa pale.

kijana_wa_saketi: Hapo kuna mtego mkuu. Tafuta maneno Boot na System, waliyapa majina kichwa chini miguu juu, Boot ndo penye Windows yenyewe na System ndo penye mafaili ya kuiamsha, na yanaweza kukaa diski tofauti. Mimi nilifuta ya zamani bila kuangalia, asubuhi skrini nyeusi. Fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri za Windows) kama admini uandike:
`Get-Disk | ft Number,FriendlyName,IsBoot,IsSystem`
True zote mbili zinatakiwa ziwe mstari wa SSD.

mdau_wa_waya: Duh. True zote mbili zipo kwenye HDD, SSD ni False False. Kumbe nimenunua pambo 😂

kijana_wa_saketi: Haha. Zima, chomoa HDD kabisa, ni skrubu moja tu, halafu uwashe. Ikigoma ingia BIOS (menyu ya mashine kabla Windows haijawaka), F2 au F10 inategemea mashine, uweke SSD iwe ya kwanza.

pengwini_tz: Wa Linux ni `findmnt /` alafu `lsblk -o NAME,MODEL,ROTA`, ROTA 1 ni ya kuzunguka 0 ni SSD. Ila diski ikikopiwa hivyo UUID (namba za utambulisho ambazo Linux hutafutia diski) zinafanana, leo unaweza kuwakia hii kesho ile, usiziache zote mbili ndani.

mdau_wa_waya: Nimechomoa HDD, imewaka! Nimehesabu sekunde 14. Fundi simu hapokei