Kampeni ya Clinton 2008: ilisimamiwa vibaya au ilizidiwa tu?

KaraniWaKura:
Wakuu, tuchambue mchujo wa chama cha Democratic wa 2008 bila ushabiki. Hillary Clinton aliingia akiongoza kura za maoni za kitaifa, akabeba California, New York, Ohio na Pennsylvania, akapata kura karibu milioni 18, na bado Obama akamwangusha. Wapo wanaosema kampeni yake iliendeshwa ovyo, wapo wanaosema alikutana na mpinzani asiyezuilika. Matokeo tukiyaweka pembeni, uendeshaji wa kampeni iliyoshindwa unapimwa kwa kitu gani?

Witiri_na_Shufwa:
Mkuu, anza na hesabu ya wajumbe, yaani wale wanaopiga kura ya kumteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Majimbo makubwa uliyoyataja yanapendeza kwenye ramani tu.

Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano kati ya waliofikisha asilimia 15, na sehemu kubwa hugawiwa wilaya kwa wilaya. Chukua wilaya yenye wajumbe 4, wagombea wakiwa wawili. Ukishinda kwa asilimia 60 kwa 40 mnatoka 2-2, jasho lote la bure. Ili upate 3-1 lazima uvuke 62.5. Kwenye wilaya ya wajumbe 5, kuzidi nusu kwa kura chache tu kunakupa 3-2. Kampeni inayojua kazi yake hupeleka pesa kwenye wilaya za witiri zenye ushindani, na za shufwa inazigusa pale tu inapokaribia kuvuka kizingiti au kuzama chini yake.

Sasa tazama Februari 5, 2008, siku majimbo mengi yalipopiga kura kwa pamoja. Clinton alishinda New Jersey, wajumbe 59 kwa 48, faida 11. Siku hiyohiyo Obama alichukua kokasi (mikutano ya wanachama ya kuchagua mgombea, badala ya kura ya kawaida vituoni) ya Idaho 15 kwa 3, faida 12. New Jersey unaifikia kwa matangazo ya televisheni za New York na Philadelphia, ambayo ni ghali mno. Idaho ilihitaji ofisi, orodha ya majina na watu wa kupiga simu. Kokasi huhudhuriwa na wachache, kwa hiyo kila mtu uliyemtoa nyumbani ana uzito mkubwa. Timu ya Clinton iliziachia kokasi nyingi za aina hiyo karibu bila upinzani, na kosa hilo ni la uongozi, mgombea hahusiki nalo.

Uwiano una ukatili wake pia: ukishaachwa, huwezi kurudi kwa ushindi mwembamba. Machi 4 Clinton alishinda kura za Texas 51 kwa 47, lakini Texas ilikuwa na kokasi jioni ileile, na ukijumlisha zote mbili Obama aliondoka na wajumbe 99 dhidi ya 94.

DaftariLaFedha:
Naongezea upande wa fedha, maana huko kampeni haiwezi kujificha. Taarifa zinazowasilishwa kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho ziko wazi kwa kila mtu. Usiishie kwenye mstari wa fedha taslimu. Toa madeni, kisha toa pesa za uchaguzi mkuu. Mwaka 2008 mtu mmoja aliruhusiwa kuchangia dola 2,300 za mchujo na 2,300 nyingine za uchaguzi mkuu. Mchangiaji aliyetoa 4,600 kwa mkupuo ameshafika kikomo, na ile nusu ya pili haiguswi kwenye mchujo. Ndiyo maana daftari lenye wachangiaji wakubwa wengi huonekana nono kuliko lilivyo. Aliyetoa dola 50 unaweza kumrudia mwezi ujao, na mwezi unaofuata tena.

Halafu gawanya matumizi ya mwezi kwa mapato ya mwezi. Ikizidi 1 miezi miwili mfululizo na kura bado ziko mbali, kuna mtu hafanyi kazi yake. Clinton aliikopesha kampeni dola milioni 5 zake mwenyewe Januari 2008, na Februari 10 meneja Patti Solis Doyle akampisha Maggie Williams. Kwa macho yangu, hiyo ni bajeti iliyotarajia kila kitu kuisha Februari 5. Yaliyofuata mnayajua: Obama alishinda mfululizo mpaka Wisconsin na Hawaii, Februari 19.

Pingamizi:
Msimtwishe meneja kila mzigo. Kura ya Clinton ya 2002 ya kuruhusu vita vya Iraki ilimfuata mpaka Iowa, alikomaliza wa tatu, na hakuna ratiba nzuri ya kufungua ofisi ambayo ingeifuta. Florida na Michigan zilijisogeza mbele kinyume na kalenda ya chama. Alishinda zote mbili, lakini jina la Obama halikuwemo hata kwenye karatasi ya Michigan, na Mei 31 chama kikaamua kila mjumbe wao ahesabiwe nusu kura; kura kamili zilirudishwa Agosti tu, mbio zikiwa zimeshaisha. Tenganisheni mgombea, mazingira na uendeshaji, la sivyo mtakuwa mnasoma matokeo kinyumenyume.

Mkitaka kipimo cha uendeshaji mtupu, angalieni kuingia kwenye karatasi ya kura. Republican, Virginia, 2012: saini 10,000, zisizopungua 400 kutoka kila wilaya kati ya 11. Waliofuzu ni Mitt Romney na Ron Paul tu. Newt Gingrich, mkazi wa Virginia hiyohiyo, alipeleka elfu kumi na moja na kidogo, zikachujwa, akabaki nje. Saini hufutwa kwa sababu za kawaida kabisa: aliyesaini hakujiandikisha, ameandika wilaya siyo, anwani haisomeki. Kusanya mara moja na nusu ya idadi inayotakiwa, na uzihakiki mwenyewe kabla ya kuwasilisha.

KaraniWaKura:
Nimeelewa, wakuu. Na kampeni ikiwa na pesa za kumwaga? Jeb Bush wa Republican, 2016, je?

DaftariLaFedha:
Huyo ni somo zuri. Kamati huru (super PAC, isiyo chini ya mgombea) iliyomuunga mkono, Right to Rise, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, naye akajitoa Februari 20 baada ya South Carolina akiwa na wajumbe 4. Kasoro moja iko kwenye bei. Siku 45 kabla ya mchujo, sheria inamlazimu mwenye kituo kumuuzia mgombea tangazo kwa bei yake ya chini kabisa. Kamati huru haina haki hiyo, hutozwa bei ya soko. Ukitathmini kampeni ya namna hiyo, uliza kwanza pesa zilikaa mfuko upi, ndipo uulize zilikuwa kiasi gani.