Tripu ya udongo au viroba? Uwanja wangu Bugarika, Mwanza, ni mawe matupu

Mpangaji_Mlimani:
Mwangaluka wadau. Kesho kutwa mwenye kirikuu, kigari cha kuleta udongo, anataka jibu langu. Nataka bustani ya mboga na maua hapa nyumbani, ila ukichimba shubiri moja jembe linagonga mwamba. Nimebaki na njia mbili: kununua udongo wa bondeni tripu mbili nijenge kingo za mawe na kuinua matuta, au kupanda kwenye viroba vya sandarusi kama ishirini. Kipi bora? Naomba majibu ya haraka.

MzeeWaKitalu:
Mdogo wangu, utashauriwaje hivi? Uwanja una ukubwa gani? Maji unapata wapi? Unapanda nini hasa? Mchicha unaridhika na udongo wa kina kifupi, nyanya haikubali. Na huo udongo wa bondeni unatoka bonde lipi, shambani mwa nani?

mama_figiri:
Viroba, bila kufikiri mara mbili. Niko Mabatini, nina viroba 14 na figiri wala chainizi sinunui sokoni. Chukua kopo lililokatwa kitako chote, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, zungushia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Kopo livute juu, jaza tena, mpaka kiroba kijae. Unabaki na nguzo ya kokoto katikati, ukimwagilia maji yanashuka hadi chini. Ubavuni toboa matundu, panda sukuma wiki. Usipoweka kokoto, juu kunakuwa tope na chini vumbi.

Mkara_Halisi:
Sandarusi jua linaila, dada. Msimu wa pili unashika nyuzi mkononi. Mawe anayo bure, ajenge kingo. Kwa bibi yangu kisiwani Ukara watu wamelima milimani vizazi na vizazi kwa kingo za mawe na samadi ya ng'ombe wanaolishwa zizini, na eneo lenyewe ni dogo kuliko watu. Tuta la mawe litawakuta wajukuu zake.

Nyanya_Igoma:
Kabla hujampigia huyo dereva, nisome mimi. Nilileta udongo mweusi, mzuri wa kutamanisha, tripu tatu. Nikainua matuta, nikahamishia miche 60 ya nyanya. Ikapendeza mpaka majirani wanasimama. Ilipoanza kutoa maua, mchana mmoja mche ukalegea. Nikasema kiu, nikamwagilia. Jioni ukasimama, kesho yake ukalala tena, majani yakiwa bado kijani kabisa, hata umanjano hakuna. Nikaongeza maji, kumbe naeneza. Wiki tatu nikabaki na miche minne. Bwana shamba alikuja, akakata shina, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi: ukatoka uzi mweupe kama maziwa. Mnyauko bakteria. Udongo ule ulitoka kwenye shamba la nyanya na muuzaji hakusema. Ugonjwa huo unakaa ardhini miaka, na dawa ya kupulizia hakuna. Bilinganya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo, vyote ni ukoo mmoja, vyote nimeacha. Sasa napanda mchicha na mahindi tu. Nililia, sifichi.

MzeeWaKitalu:
Ndiyo maana niliuliza bonde lipi. Kwenye viroba, kimoja kikiugua unakitoa. Tuta likiugua, limeugua lote.

Mkara_Halisi:
Kosa la udongo mnalitupia tuta! Udongo mbaya ukiujaza kiroba unakuwa mzuri?

Mpangaji_Mlimani:
Samahani, niliandika kwa haraka. Uwanja ni hatua 6 kwa 4. Maji ya bomba, nina simtanki la lita 1,000. Nataka nyanya, hoho na mchicha, mke wangu anataka waridi. Nyumba nimepanga, mkataba unaisha Juni. Udongo dereva anasema ni wa "huko Usagara".

mama_figiri:
Umepanga! Hilo ndilo la kusema kwanza. Kingo za mawe utamwachia mwenye nyumba?

Luchelele_Kijani:
Mimi natandaza gugu maji lililokaushwa juu ya udongo, unyevu unakaa siku mbili zaidi. Ziwani lipo tele.

MzeeWaKitalu:
Angalia unapolichota. Gugu maji hunyonya madini mazito, la karibu na mifereji ya mjini usilete kwenye mboga. Na lenye maua usilichukue, mbegu zake zinaishi miaka mingi.

Luchelele_Kijani:
Langu ni la mbali na mji, mzee, nimelitumia misimu minne.

MzeeWaKitalu:
Kwa waridi sina neno. Kwa mchicha sikubali.

Nyanya_Igoma:
Mpangaji, muulize dereva msimu uliopita palilimwa nini. Akisitasita, achana naye.

Mpangaji_Mlimani:
Nimempigia. Kasema "mboga mboga". Nimemwambia asubiri kwanza. Ila kuna jambo sikulitaja: nyuma ya nyumba kuna majabali yenye pimbi.

mama_figiri:
Pimbi! Walinimalizia chainizi yote asubuhi moja, hata kiroba cha kimo cha kifua walipanda. Bila wavu hupati kitu.

Mkara_Halisi:
Wavu wa dagaa uliochakaa unatosha. Ulizia mwaloni Kirumba, wanakoshusha samaki.

Luchelele_Kijani:
Wavu wa dagaa unanasa ndege na mijusi. Mimi nilitumia waya wa kuku.

Mpangaji_Mlimani:
Waya wa kuku futi ngapi kwenda juu? Na waridi pimbi wanakula?